Kidole Gumba cha Wazee Wanne

Barua ilimkuta Kanyere Victoire kwenye meza yake ya barabarani, mbele ya duka la dawa mjini Butembo, akimwandikia mama mmoja ombi la kurudishiwa mbuzi. Aliisoma mara moja, akaikunja, akamaliza kwanza habari ya mbuzi. Kazi ya mtu haikatizwi kwa sababu ya shida zako mwenyewe. Hilo alilishika hata baada ya kukatazwa kuitwa Maître, jina la heshima la mtetezi.

Barua ilitoka Beni, kwa baraza la nidhamu la watetezi wa mahakama. Ilisema kwamba ombi lake la kurudishwa kwenye orodha ya watetezi litasikilizwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: aliyekosewa naye atasikilizwa, kama atapenda kuja. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mwaka ulikuwa 2002, na Kanyere alikuwa ameingoja barua hiyo tangu alipotoka gerezani.

Tuseme mambo yalivyo, maana Kanyere mwenyewe hakupenda kuzungushwa. Miaka mitatu nyuma, vita ilipokuwa imekata barabara vipandevipande, mjane wa Kalunguta aitwaye Agar alimjia akilia. Mumewe amekufa, shamba la kahawa limebaki, na mpwa wa marehemu, kijana mmoja aitwaye Syauswa, amekwisha kulitafutia mnunuzi. Mahakama ilitaka karatasi ya baraza la ukoo, yaani kila ndugu wa marehemu aweke kidole gumba chake kukubali mjane abaki shambani. Kwa watu wa huko, karatasi ya shamba isiyo na kidole cha kila ndugu inafaa kufungia karanga tu.

Ndugu walikuwa wanne. Wawili walikuwa wamekwama Luofu, mmoja Kirumba, na barabara ya kusini ilikuwa imefungwa. Wa nne, mkubwa wao, Tata Kitsa, yaani Baba Kitsa, alikuwa amekimbilia vilimani siku risasi zilipolia Kalunguta, na hakuna aliyejua kilima gani. Kesi ilikuwa Jumatatu. Jumapili, baada ya misa, Kanyere alifungua kopo la wino mezani pake, akaweka kidole gumba chake mwenyewe mara nne, akikigeuza kidogo kila mara, huku kushoto, huku kulia, ili wazee wasifanane.

Mwanzoni ilipita. Agar alipewa shamba lote, akavuna kahawa yote. Miezi mitano baadaye Tata Kitsa alishuka kutoka vilimani akiwa mifupa mitupu, akakuta miti yake imevunwa, akaenda kushitaki. Kwa maana nusu ya chini ya shamba lile haikuwa ya marehemu hata siku moja. Ilikuwa yake, na kila mti aliupanda kwa mkono wake. Agar hakusema, na Kanyere hakuuliza.

Jaji aliinua ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, akauliza kwa upole kama wazee wote wanne walijikata siku moja, kwa kisu kimoja. Kidole cha Kanyere kilikuwa na kovu la kumenya viazi, la tangu utotoni, na kovu lile lilikuwa limejipanga mara nne chini ya karatasi. Ukumbi ulicheka. Kanyere mwenyewe nusura acheke.

Alitiwa hatiani kwa makosa mawili, la kughushi na la kutumia karatasi ya kughushi. Miezi minane ndani. Hukumu ileile ilikata shamba mara mbili: juu kwa Agar, chini kwa Tata Kitsa. Wiki iliyofuata jina la Kanyere likafutwa kwenye orodha. Alipofungwa, mtoto wake wa mwisho hakujua kusoma. Alipotoka, mtoto alimsomea kitabu kizima cha darasa la kwanza, kwa fahari, na Kanyere akakaa anasikiliza kama mgeni.

Jioni ya Jumatatu hiyo Maître Stanislas alikuja nyumbani. Zamani walisoma shule pamoja, na alikuwa mtu mwema, wa wale wema wanaopenda mambo yaishe haraka. Akakaa, akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kutiwa sahihi.

“Maître, nakuletea dawa.”

“Hapana niita vile. Batanifunga mara ya pili.”

“Weka sinyatire hapa chini tu.”

“Inasema nini?”

“Inasema ile tribunal ya baasi ba kwanza haikukuwa tribunal. Donc, jugement yake haiko jugement. Donc, weye hukufungwaka.”

“Nilifungwaka, Stanislas. Kunguni za kule zinanijua kwa jina.”

Stanislas alicheka, kisha akaeleza vizuri. Wakubwa wa waasi walioshika Beni sasa hawakuwa wale wa wakati ule, na hawakupendana nao. Walikuwa wametangaza kwamba hukumu yoyote iliyotolewa chini ya wenzao itafutwa, ili mradi mtu aombe. Ukifuta hukumu, makosa hayapo. Makosa yasipokuwepo, jina linarudi kwenye orodha siku hiyohiyo, mahali pake pa zamani, bila maswali.

“Na Maître Ananie anasema nini?” Ananie ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza.

“Ananie njo amenituma! Bazee banaogopa. Kurudisha mutu aliyefungwa, kila mutu atasema bamekula kitu. Mais hii karatasi inabasaidia. Inakuwa kama hukutokaka kwenye orodha.”

Binti yake Gracieuse, wa miaka kumi na saba, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu. Alisimamisha mchi.

“Mama, weka sinyatire. Mi nimechoka kukuona barabarani na ile meza.”

“Umechoka weye? Meza ni mimi naibeba.”

“Njo maana weka.”

Kanyere aliisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Stanislas alikuwa na Kifaransa safi. Alichukua kalamu, na haifai kusema uongo: alitaka kuweka. Miguu ilikuwa inamuuma tangu asubuhi, na kichwani alikwisha kujiona amevaa joho jeusi. Lakini mkono haukushuka. Alikuwa amefanya kazi ya karatasi miaka kumi na minne, na alijua kwamba hukumu ni kama shuka. Huwezi kuvuta pembe moja peke yake.

“Acha hapa,” akasema. “Nitakuletea jibu kule Beni Alhamisi.”

“Jibu ya nini? Hii haina swali!”

“Stanislas, kunywa chai yako uende.”

Jumatano asubuhi alipanda kamio, lori la mboga, hadi Kalunguta, akakaa juu ya magunia ya kabichi pamoja na akina mama wengine. Alimkuta Tata Kitsa shambani, anang'oa mti wa kahawa. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata juani. Mizizi ilikuwa imegoma, naye alikuwa anaitukana kwa Kinande, polepole, bila hasira, kama mtu anayeongea na punda.

“Wabukire, Tata,” akamsalimu.

Aligeuka, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. Akaacha jembe.

“Onyesha kidole.”

Kanyere akaonyesha. Mzee akakishika, akakigeuza kwenye mwanga kama jaji alivyofanya na karatasi.

“Njo hiki? Kadogo vile? Mi nilifikiri mutu anayekuwa bazee bane, kidole yake iko kama muhogo.”

“Tata, nimekuja kuomba musamaha.”

“Umekuja kwa sababu kesho uko na kesi. Habari zinafika huku, siye tuko na maskio.” Akaketi juu ya shina alilokuwa ameling'oa. “Unaona hii miti?”

Kanyere alikuwa ameiona tangu barabarani. Majani yalikuwa yamenyauka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, kana kwamba mtu amepita na maji ya moto. Ugonjwa ule ulikuwa umeshika kahawa ya Beni yote, na dawa yake ilikuwa kung'oa na kuchoma.

“Ile mavuno mulivuna na Agar,” mzee akasema, “njo ilikuwa ya mwisho ya muzuri. Nyuma ya ile, kila mwaka ni hivi. Mi nilikuwa kule juu nakula majani, nilikuwa najiambia, basi, nikirudi kahawa iko. Kahawa haikukuwa. Unasikia? Hapana sema kitu. Sikia tu.”

Kanyere alisikia. Jua lilipanda, mzee akahesabu miti yake mmojammoja, ule wa mwaka aliooa, ule ambao mche wake aliupata misheni, na Kanyere akakaa chini kwenye majani makavu bila kutandika kitu. Gerezani alikuwa ametunga maneno mengi ya siku hii: vita, mjane, barabara, Jumatatu. Sasa yote yalionekana kama maneno ya mtu mwingine.

Mzee alipochoka, Kanyere alitoa karatasi ya Stanislas, akamsomea yote, akiigeuza Kiswahili neno kwa neno. Hakuruka hata mstari.

“Ile tribunal haikukuwa tribunal,” Tata Kitsa akarudia. “Na shamba?”

“Ile jugement njo ilikata shamba. Kama inakufa, shamba inarudi kama mbele. Hakuna yako, hakuna ya Agar. Kesi inaanza upya.”

“Syauswa sasa anatembea na basoda. Wiki ilipita alipita hapa na babili ba bunduki, banaangalia mupaka.”

“Najua. Njo maana nilikuja.”

Tata Kitsa aliweka mikono mdomoni, akaita kuelekea juu ya kilima. Baada ya muda Agar alishuka na jembe begani, mwanamke mwembamba mwenye kanga iliyofungwa juu ya sweta. Alipomwona Kanyere alisimama hatua kumi mbali. Mzee akamwambia habari kwa Kinande, kwa maneno machache. Agar hakumpa hata mkono mgeni.

“Maître, mi sikukutetea siku ile mbele ya jaji,” akasema. “Nilisema hata nusu ya chini sikujua ni ya nani. Nilijua. Mais, tafazali, hapana nifanya nianze tena. Sina miguu ya kwenda Beni tena.”

“Haukuniambia, nami sikukuuliza. Mimi njo nilikuwa na kazi ya kuuliza.”

“Utaweka sinyatire?”

“Sijui,” Kanyere akasema, na ilikuwa kweli.

“Huyu naye,” mzee akasema, akachukua jembe lake. “Alijua mawazo ya bazee bane, yake mwenyewe hajui.”

Kanyere alipomwomba aje Beni kesho, Tata Kitsa alisema ana miti ya kung'oa.

Baraza lilikaa katika chumba cha nyuma cha jengo la mahakama, chenye madawati ya shule na mabati yaliyotoboka. Maître Ananie alikaa katikati, mzee wa kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kulia kwake Maître Esdras, ambaye hakuwahi kumpenda mtu aliyechelewa au aliyelia. Pembeni, na daftari, Nadège. Huyu alikuwa mtetezi kijana, na Kanyere ndiye aliyemfundisha kazi, hata namna ya kufunga joho. Nadège aliinamia daftari lake asimtazame. Stanislas alisimama mlangoni, akamwonyesha Kanyere kwa kidole kwenye kiganja: weka sinyatire.

Ananie alianza kwa sala, kisha akakohoa.

“Maître Stanislas ametuambia kuko karatasi moja itafanya kazi iwe mwepesi.”

Kanyere aliitoa mkobani, akaiweka mezani.

“Iko hii, Président. Sikuitia mukono.”

“Bic hii.” Ananie akamsogezea kalamu.

“Bic niko nayo.”

Esdras akaegemea mbele. “Donc, unataka nini?”

“Nataka murudishe jina yangu. Mais hukumu ibaki. Ilikuwa hukumu ya kweli. Jaji ule, sijui nani alikuwa anamulipa, mais aliona kitu kiko pale, aliamua vile kiko. Kuko batu babili banalima kwa ile hukumu. Kama mimi naifuta ili nipate joho, itakuwa mara ya pili nabauzia shamba bila kubauliza.”

“Unatufundisha kazi?” Esdras akasema.

“Hapana. Minajibu swali.”

“Jibu hii basi. Ulifanya, ao hukufanya?”

“Nilifanya. Mara ine.”

“Kwa nini?”

Hapo ndipo pa kusema habari ya vita. Ananie mwenyewe alikuwa anamtazama kwa huruma, kama mtu anayeshikilia mlango wazi. Kanyere alifungua kinywa, akajisikia amechoka, uchovu wa mifupa, wa mtu aliyejieleza miaka mitatu kwa watu ambao hawakumuuliza.

“Nilikuwa na haraka,” akasema. “Na nilizani najua bazee batasema nini. Wa Luofu bangesema ndiyo, labda. Wa Kirumba sijui. Tata Kitsa angesema hapana, na alikuwa na haki ya kusema hapana. Hiyo hapana yake, mimi njo niliimeza.”

Nadège aliandika. Kalamu yake ilisikika.

“Kama ungeweka ile sinyatire,” Ananie akasema kwa sauti ya chini, “tungekuwa tumemaliza saa tano, sote tuende nyumbani.”

“Najua, Président. Munisamehe.”

Esdras alikuwa ameanza kusoma kanuni kuhusu waliopatikana na hatia ya udanganyifu, kanuni ndefu, isiyomwachia mtu tundu la kutokea, mlango uliposukumwa. Tata Kitsa aliingia na kofia yake ya sufu, suruali imelowa matope hadi magotini. Kamio ilikuwa imekwama njiani, akatembea kipande. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata Stanislas, kisha akatafuta dawati.

“Njo weye ulikosewa?” Ananie akauliza.

“Njo mimi. Mukisema mutafute bengine batatu, bako mbali.”

Nadège alificha mdomo kwa daftari.

“Muzee,” Esdras akasema, “huyu mama aliandika kwamba ulikubali kitu hukukubali. Umemusamehe?”

“Hapana.”

Kanyere alitazama chini. Sakafu ilikuwa ya simenti, yenye ufa mrefu kutoka meza hadi mlango.

“Bado,” mzee akaendelea. “Sijui kama itakuja. Ile kahawa nilikuwa naifikiria kila siku. Mais jana alikuja kwangu, akanisomea karatasi moja ya mubaya kwake, yote, kutoka juu mupaka chini. Angeweza kunidanganya, mi sijue kusoma. Donc, mi nasema: mumupe kazi yake. Mais musimupe peke yake. Mumuwekee mutu wa kumuangalia.”

“Mutu gani?” Ananie akauliza.

“Minajua? Ninyi njo baraza.”

Wakatolewa nje. Walikaa kwenye ngazi, Kanyere na mzee, wakala ndizi za kuchoma alizonunua Stanislas, ambaye alikuwa amekasirika na bado ananunulia watu chakula. Upande wa pili wa barabara askari wawili walikuwa wanafua mashati yao kwenye beseni la mtu.

“Ungekuwa na joho saa hizi,” Stanislas akasema mwishowe.

“Kula ndizi yako.”

Waliitwa saa nane. Ananie alisoma amesimama. Jina la Kanyere Victoire litarudi kwenye orodha. Halitarudi mahali pake pa zamani. Litaandikwa chini kabisa, baada ya vijana wote, na kwa miaka miwili atafanya kazi kama mwanafunzi chini ya mtetezi mwingine, atakayetia mkono kwenye kila karatasi yake. Karatasi ya baraza la ukoo asiiguse kabisa mpaka miaka hiyo iishe. Hukumu ya zamani inabaki ilivyo, na shamba linabaki lilivyokatwa. Mtetezi wa kumwangalia atakuwa Maître Nadège.

Nadège aliinua kichwa kama mtu aliyepigwa kibao.

“Président, mais yeye njo alinifundisha!”

“Njo vizuri. Atajua kama unakosea.”

Esdras alitia mkono, akafunga kalamu yake, akaondoka wa kwanza.

Tata Kitsa alimpa Kanyere mkono mlangoni, akaushika kwa muda zaidi ya desturi.

“Wasingya, Tata,” Kanyere akasema.

“Hapana nishukuru. Nitatuma batu kuuliza kama unafanya vile bamesema.” Akashuka kutafuta kamio ya kurudi kabla mvua haijaharibu barabara zaidi.

Kanyere alibaki amesimama uani. Alikuwa amewaza kwamba siku hii angelia, au angecheka, au angekimbilia phonie, simu ya redio ya duka la jirani, kumwambia Gracieuse. Alichotaka ni kukaa mahali, avue viatu. Nadège alimjia na mkoba wake mikononi, ameukumbatia kama mtoto mgonjwa.

“Maître, mi nitafanya nini na weye?”

“Utanipa kazi. Na sasa mi hapana Maître kwako. Niite Victoire.”

“Siwezi!”

“Basi niite Mama, mais nipe kazi.”

Nadège alifikiri, akafungua mkoba, akatoa faili lenye pembe zilizoliwa na unyevu. Ukuta wa jirani umeanguka juu ya nguruwe wa mtu, kesi ni Jumatatu mbele ya jaji, na alikuwa hajui aanzie wapi. Kanyere alilichukua, akaketi tena kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.

“Uliongea na mwenye ukuta?”

“Hapana. Mais kila mutu anajua atasema nini.”

Kanyere alimtazama hadi msichana akashusha macho.

“Anaishi wapi?”

“Kule chini, nyuma ya soko.”

“Ni mbali?”

“Nusu saa kwa miguu.”

Kanyere alifunga faili. Alivaa kiatu kimoja, akapumzika kidogo, akavaa cha pili.

“Tuende tumuulize,” akasema.